Mbawakawa wa Al-Aqar

Mwezi wa nne, jua halijagusa ngazi za mashamba,
mkwe wangu Nabhani huchuma mawaridi
kwa vidole vilivyopasuka kama mfereji mkavu.
Mimi humfuata na kikapu. Sisemi sana:
Kiarabu changu kina tui,
na yeye hukicheka.

Ndani ya ua la saba, au la nane, amelala.
Kijani kilichochovywa kwenye shaba,
mgongo kama kifuniko cha buli,
uso umezama kwenye chavua
kama mtoto aliyesinzia juu ya bakuli la uji.
Baridi ya mlimani imemfunga viungo;
haruki mpaka jua limlipie nauli.

"Mwizi," asema Nabhani.
Humchokoa kwa kidole gumba, humtupa jiweni,
na kiatu humalizia sentensi.
Ana haki yake. Waridi lililotafunwa ni jepesi kwenye mizani,
na mvuke wa chungu haudanganyiki.

Lakini siku moja nilichelewa makusudi
nikamkalia mmoja mpaka jua likafika.
Alijipangusa miguu. Akatikisa kichwa.
Nilingoja afungue magamba ya mgongo;
hakufungua.
Alichomoa mbawa laini pembeni, upenyoni,
kama mwanamke anayetoa mkono ndani ya buibui
kulipa dukani.
Akanguruma, akakata kona vibaya,
akagonga mkomamanga, akaanguka chali,
akafa.
Nikamgusa kwa kijiti: maiti.
Nikahesabu mpaka arobaini: maiti.
Nikageuka kupiga chafya, na hayupo.

Nilimkuta tena ukuta wa pili,
kifua chenye manyoya kimejaa vumbi la njano,
anakula hapa, anamwaga pale,
anaacha mbegu ya kesho pasipo kujua.
Nyuki ana sura yake katika Msahafu.
Huyu hana hata aya.

Mawaridi yakiisha, huhamia kwenye tini zilizochacha,
hunywa hadi akayumba.
Jike hushuka kwenye samadi, hutaga gizani,
na haonekani tena.

Januari. Mpira wa maji umeganda barafu.
Tunageuza samadi ya mbuzi, mimi na Nabhani,
na jembe linafunua mabuu:
meupe, manene, yamejikunja
kama herufi ya nun iliyopoteza nukta.
Nabhani akachuchumaa.
Akalichukua moja, akaliweka kiganjani;
likajipindua, likatembea kwa mgongo,
miguu juu, kama msafiri anayeomba dua bila kusimama.
Akacheka, yeye asiyecheka ila Kiarabu changu.
"Baraka," akasema. "Hawa ndio wanaonisagia udongo."
Akalirudisha, akalifunika kwa mkono
kama anayemfunika mjukuu shuka.

Mimi najua.
Najua litajijengea chumba cha udongo kama yai,
litakipiga lipu kwa ndani,
litanyamaza humo wiki nyingi,
litatoka limevaa shaba.
Nikafungua mdomo.

Jana yake mama alinipigia simu kutoka Ruwi.
"Huko juu wanakuitaje?"
"Zinjibari, mama."
"Na kule walituita Wamanga," akasema,
akacheka mpaka akakohoa,
kisha akauliza bei ya kitunguu thomu cha mlimani.

Nikafunga mdomo. Nikashika jembe.

Mwezi wa nne tena. Nabhani yuko mbele,
hatua sita, kumi,
mgongo wake umeinama, kikapu kinanuka alfajiri.
Ndani ya ua, huyo hapo,
amelala fofofo, hana habari na yeyote.
Namchukua pamoja na petali moja, mizani inisamehe,
namtia mfukoni kando ya funguo za gari.
Kuna waridi pori nyuma ya msikiti, halichumwi na mtu.
Joto la paja langu linamwamsha mapema.
Ananguruma.
Nabhani anasimama, anageuza sikio.
Nakohoa. Nakohoa tena,
kwa Kiarabu.